Kitabu cha hesabu kwa majirani wa mitambo ya upepo: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 14

Wiki ya 1. Mipaka ya kazi

Kazi ni kuandaa kitabu kifupi cha Kiswahili kwa jamii iliyofikiwa na mwekezaji wa umeme wa upepo. Si kitabu cha kuwashawishi watu waukubali mradi, wala cha kuwafundisha kuupinga. Kitawawezesha kurudia hesabu za kampuni kwa kalamu na kikokotoo cha simu, kisha kuuliza maswali yenye namba kabla ramani ya mitambo haijafungwa.

Tumeanza na miradi ambayo historia yake inajulikana. Kinangop, Kenya, ilipangwa mitambo 38 yenye jumla ya megawati 60.8. Wakulima waliipinga kwa sababu ya ardhi, fidia na hofu za kiafya, na mwaka 2016 wawekezaji wakatangaza kuuacha mradi. Upepo ulikuwapo na fedha zilikuwapo. Mradi wa Ziwa Turkana ulijengwa na unazalisha umeme: mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Hata hivyo, Oktoba 2021 mahakama ya ardhi na mazingira ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kuwa vibali vya mitambo ya Fosen ni batili kwa kuwa vilikiuka haki ya Wasami (watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya) wanaofuga kulungu wa kaskazini. Mitambo 151 ilikuwa tayari inazunguka. Makubaliano na wafugaji yalipatikana Desemba 2023 na Machi 2024, baada ya miaka ya kesi.

Kutokana na hayo tumejiwekea kigezo kimoja: ukurasa unaingia kitabuni iwapo tu unamsaidia msomaji kusogeza mtambo, kubadili kipengele cha mkataba au kukataa kwa sababu inayoeleweka. Maelezo ya jumla kuhusu uzuri wa nishati safi tumeyaacha. Kampuni huyaleta yenyewe, tena yamechapishwa kwa rangi.

Istilahi: mapanga (yako matatu), rota (mapanga yote kwa pamoja), kitovu (yanapokutana juu ya mnara), kimo cha ncha (ardhi hadi ncha ya panga likiwa limesimama wima). Mtambo wa mfano kitabuni una kitovu kwenye mita 100 na rota ya kipenyo cha mita 120, hivyo kimo cha ncha ni mita 160.

Wiki ya 2 na ya 3. Kelele

Hii ndiyo sura ndefu kuliko zote. Kelele ni kati ya mambo yanayolalamikiwa zaidi baada ya mitambo kuwashwa, na ndiyo hesabu inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Mtambo wa ukubwa huu hutoa nguvu ya sauti ya takriban desibeli 105 kwenye chanzo. Namba hiyo ni ya chanzo. Nyumbani hufika namba nyingine, na ndiyo inayotakiwa. Kanuni tuliyoiweka ni rahisi: chukua 105, toa mara kumi ya logi (kitufe cha “log” kwenye kikokotoo) ya (2 × 3.14 × umbali × umbali), kisha toa 0.005 kwa kila mita ya umbali kwa sababu ya sauti inayomezwa na hewa. Umbali ni wa mshazari, kutoka kitovuni hadi nyumbani, haupimwi kwa kufuata ardhi.

Matokeo kwa mtambo mmoja:

mita 300 kutoka mnarani: desibeli 45.4
mita 500: desibeli 40.3
mita 700: desibeli 36.5
mita 1,000: desibeli 32.0

Kwa kulinganisha, Denmark inaruhusu desibeli 44 kwa nyumba zilizo mashambani upepo ukiwa mita 8 kwa sekunde, na 42 ukiwa mita 6. Kwa maeneo ya makazi yanayohitaji utulivu ni 39 na 37. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa siku nzima usizidi desibeli 45, huku saa za jioni na usiku zikiongezewa uzito kwenye hesabu. Shirika lenyewe lilisema pendekezo hilo lina masharti, kwa kuwa ushahidi haukuwa mwingi.

Wiki ya 4. Rasimu ya kelele imerudishwa

Rasimu ya kwanza ilihesabu mtambo wa karibu peke yake. Ni kosa lilelile linaloonekana kwenye vipeperushi vingi, na kwetu liliingia kwa sababu ya kutaka ukurasa uwe mfupi. Nyumba iliyo karibu na shamba la upepo husikia mitambo kadhaa kwa wakati mmoja.

Shida ni kwamba desibeli hazijumlishwi kama mbuzi. Arobaini na arobaini si themanini, ni arobaini na tatu. Kila namba hugawanywa kwa kumi na kugeuzwa kuwa kipeo cha kumi, matokeo yakajumlishwa, kisha yakarudishwa kwa logi. Mfano tuliouweka kitabuni ni nyumba yenye mtambo mmoja kwenye mita 500, miwili kwenye mita 700 na mmoja kwenye mita 1,000:

10,765 + 4,457 + 4,457 + 1,570 = 21,249. Logi yake mara kumi ni 43.3. (Desibeli zimechukuliwa kabla ya kukadiriwa hadi desimali moja.)

Kwa hiyo nyumba iliyoonekana kuwa na desibeli 40.3 ina 43.3. Hiyo ni nishati ya sauti mara mbili, na inatosha kuivusha nyumba kutoka upande mmoja wa mpaka wa kisheria hadi upande wa pili. Mtambo ulio kilomita moja mbali huchangia kidogo sana. Ile miwili ya mita 700 ndiyo inayobadilisha hali, na ndiyo ya kuombewa isogezwe.

Tahadhari imechapwa kwa herufi nene: kanuni hii haijui vilima, ardhi ngumu wala mwelekeo wa upepo, hivyo haitoshi kuivunja ripoti ya mtaalamu. Inatosha kuuliza. Ripoti ya kampuni ikitofautiana na hesabu ya kitabu kwa zaidi ya desibeli 3 kwenye nyumba fulani, mtaalamu aeleze kilicholeta tofauti hiyo.

Tumeongeza aya mbili kuhusu usiku. Usiku hewa ya chini hutulia huku upepo kwenye kimo cha kitovu ukiendelea kuvuma. Majani ya miti hayatikisiki, kwa hiyo hakuna sauti ya kuufunika mtambo, nao unafanya kazi kwa nguvu. Mvumo wa mapanga unaopanda na kushuka (fwuu, fwuu, takriban mara moja kila sekunde moja na nusu, rota ikizunguka mara 13 kwa dakika) huudhi kuliko sauti tulivu yenye desibeli zilezile. Ndiyo sababu anayelalamika saa nane za usiku huwa anasema kweli hata kama kipimo cha mchana hakikuonyesha kitu.

Kipimo cha awali kifanyike kabla ya ujenzi, si baada. Maikrofoni iwekwe kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 na ivikwe sponji ya kuzuia upepo, mbali na kuta zinazorudisha sauti, huku kasi ya upepo ikirekodiwa kwa saa zilezile. Wiki mbili ni za chini kabisa. Programu za simu hazifai kwa ushahidi kwa kuwa maikrofoni ya simu haijasawazishwa. Kipimo hiki kikikosekana, hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba kijiji kilikuwa kimya.

Wiki ya 5. Vivuli

Jua likiwa chini nyuma ya rota, kivuli cha mapanga hupita dirishani na mwanga ndani ya chumba hukatika na kurudi. Mapanga matatu yakizunguka mara 15 kwa dakika, mwanga hukatika mara 0.75 kwa sekunde. Kasi inayohofiwa kwa wenye kifafa huanzia takriban mara 3 kwa sekunde, kwa hiyo hofu hiyo inajibika kwa hesabu. Kero yenyewe haiondoki kwa hesabu.

Ujerumani hutumia kikomo cha saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku, jua likichukuliwa kuwa linawaka kila siku bila mawingu, na jua lililo chini ya nyuzi 3 kutoka upeo wa macho halihesabiwi. Tumefanya mfano wa nyumba iliyo magharibi kabisa mwa mtambo, mita 600, kwenye ikweta. Kutoka hapo rota ina upana wa takriban nyuzi 11. Jua hupanda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo likipita katikati ya rota hukaa humo kama dakika 45. Tayari kikomo cha siku kimevukwa. Karibu na siku za usiku sawa na mchana, Machi na Septemba, mahali jua linapochomoza husogea takriban nyuzi 0.4 kwa siku, hivyo hali hudumu kama siku 28, mara mbili kwa mwaka. Wastani wa dakika 35 kwa siku kwa siku 56 ni karibu saa 33.

Kwenye maeneo ya ikweta vivuli hivi huangukia zaidi mashariki na magharibi. Nyumba zilizo kaskazini na kusini mwa mtambo hukaribia kutopata chochote. Ramani ya vivuli iliyotengenezewa nchi za kaskazini ina umbo jingine kabisa, na ikinakiliwa kwenye ripoti ya eneo la ikweta ni dalili kwamba aliyeiandika hakuingiza latitudo sahihi. Tiba ipo nayo si ghali: programu huusimamisha mtambo husika kwa dakika hizo. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na namba ya mtambo na namba ya nyumba.

Wiki ya 6. Picha za mandhari

Picha za kuonyesha mitambo itakavyoonekana hudanganya hata pale zilipotengenezwa kwa uaminifu. Picha yenye upana wa sentimita 28 inayoonyesha uwanda wa nyuzi 60 inapaswa kutazamwa kwa umbali wa sentimita 24 tu. Ikishikwa mkono ukiwa umenyooka, mtambo huonekana chini ya nusu ya ukubwa wake halisi.

Mbadala wetu ni kijiti. Simama mlangoni, nyoosha mkono, macho yakiwa sentimita 65 kutoka kijitini. Mtambo wa mita 160 ulio kilomita 1 utakuwa na urefu wa sentimita 10.4 za kijiti hicho, kwa kilomita 2 sentimita 5.2, kwa kilomita 5 sentimita 2.1. Weka alama, elekeza kijiti upande wa mtambo, tazama. Ukurasa huu hauhitaji kusoma vizuri wala umeme, na tunaamini ndio utakaotumika zaidi.

Taa nyekundu za usiku kwa ajili ya ndege zimepewa sentensi tatu: ziulizwe ni ngapi, zimulike zote kwa pamoja, na kama kuna rada ya kuziwasha ndege inapokaribia tu.

Wiki ya 7. Umbali wa kisheria

Ukurasa mmoja. Denmark hudai mara nne ya kimo cha ncha (kwa mtambo wetu mita 640). Mwaka 2014 Bavaria, jimbo la Ujerumani, iliweka mara kumi (mita 1,600) na maombi mapya yakaporomoka. Poland iliweka mara kumi mwaka 2016, kisha mwaka 2023 ikashusha kiwango cha chini hadi mita 700. Sheria ya umbali ni rahisi kukagua kwa kamba na ramani, lakini haijui idadi ya mitambo. Kikomo cha kelele kinaijua. Jamii isikubali kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili.

Wiki ya 8 hadi ya 10. Ardhi na mkataba

Tulitenga wiki moja, zimetumika tatu.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mashamba ya upepo hutumia moja kwa moja takriban hekta 0.3 za kudumu kwa kila megawati (misingi, barabara, kituo cha umeme), na hekta 0.7 za muda wakati wa ujenzi. Eneo lote lililo ndani ya mipaka lilikuwa wastani wa hekta 34 kwa megawati, na tofauti kati ya mradi na mradi ilikuwa kubwa. Kwa mfano wetu wa mitambo 10 ya megawati 3, yaani megawati 30: hekta 9 za kudumu, 21 za muda, 1,020 ndani ya mpaka.

Mgogoro wote umo kati ya 9 na 1,020. Nani atachunga, atalima, atapita na atachota maji kwenye hekta 1,011 zilizobaki? Kampuni itasema malisho yataendelea. Basi iandikwe, na iandikwe kama haki ya wenyeji, kwa kuwa ruhusa inaweza kuondolewa na meneja mpya. Turkana zilikodishwa ekari 150,000 wakati eneo la mitambo ni takriban ekari 40,000. Kila jamii iombe sababu ya tofauti ya namna hiyo kabla ya kutia saini.

Rasimu ya orodha ya mkataba ilikuwa na vipengele 41. Hakuna mkutano utakaovipitia vyote. Tumebakiza vile ambavyo makosa yake hayarekebishiki baadaye.

Cha kwanza ni malipo yanahesabiwa kutoka wapi. Asilimia ya faida ni ahadi isiyokaguliwa, kwa sababu faida hubaki baada ya riba, ada za usimamizi na malipo kwa kampuni mama. Asilimia ya mauzo ghafi husomwa kwenye mita. Megawati 30 zikifanya kazi kwa asilimia 35 ya uwezo wake kwa saa 8,760 za mwaka hutoa saa za megawati 91,980. Asilimia moja ya mauzo ghafi ni thamani ya saa za megawati 920. Mwaka wa upepo hafifu, ukipungua kwa asilimia 10, ni 828. Wanaotaka uhakika waombe malipo kwa kila megawati iliyosimikwa. Mwongozo wa Scotland wa mwaka 2019 ulipendekeza pauni 5,000 kwa megawati kwa mwaka kwa mfuko wa jamii, zikipandishwa kufuata mfumuko wa bei. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu. Kiasi kisichopandishwa kwa miaka 25 huliwa na bei.

Cha pili, umeme usiosafirishwa. Mitambo ya Turkana ilikamilika mwaka 2017 lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 ikawashwa Septemba 2018, na serikali ya Kenya ikabeba fidia ya kuchelewa. Mikataba ya kuuza umeme mara nyingi humlipa mzalishaji kwa umeme ambao angeweza kuzalisha. Mgao wa jamii usipoutaja umeme huo, kampuni italipwa na majirani watasubiri.

Cha tatu, kubomoa. Amana iwekwe benki miaka ya mwanzo. Mwaka wa 24 mitambo ni chakavu na kampuni inayoimiliki inaweza kuwa jina tupu. Kina cha kuondoa msingi kitajwe kwa mita. Kuondoa mita 1 ya juu ni kawaida, nayo haitoshi panapolimwa kwa kina. Chuma cha mnara huuzika. Mapanga ya nyuzi za kioo hayauziki, hivyo mahali pa kuyapeleka patajwe.

Umiliki umepata nusu ukurasa. Middelgrunden, baharini nje ya Copenhagen, ilijengewa mitambo 20 ya megawati 2 kila mmoja, na nusu yake ilinunuliwa na ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,500. Kinachotuvutia zaidi ni kwamba mpango wa awali ulikuwa mitambo 27 kwenye mistari mitatu. Baada ya maoni ya wananchi ikawa 20 kwenye upinde mmoja. Mitambo saba iliondoka kwenye karatasi kabla haijafika baharini.

Wiki ya 11. Malori

Sura iliyosahauliwa kwenye mpango wa awali. Miezi ya ujenzi ndiyo inayoharibu uhusiano hata pale kila kitu kingine kilipokubaliwa.

Msingi mmoja wa mtambo huu tumeukadiria kwa mita za ujazo 450 za zege. Lori la mita za ujazo 8 hufanya safari 57, yaani mapito 114 mbele ya nyumba moja, na zege humwagwa mfululizo siku moja bila kukatisha ili lisipate ufa wa kiungio. Misingi 10 ni mapito 1,140 ya zege peke yake. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 5 na kifusi cha sentimita 30 ni mita za ujazo 1,500, au safari 150 za lori la mita za ujazo 10. Jamii iombe ratiba ya siku za kumwaga zege, maji ya kupoza vumbi yatoke wapi (si kisima cha kijiji), saa za shule zirukwe, na nyufa za nyumba zilizo kando ya barabara zipigwe picha kabla ya lori la kwanza.

Wiki ya 12. Fomu ya malalamiko

Toleo la kwanza liliuliza “eleza kelele”. Majibu ya namna hiyo hayalinganishwi na chochote. Mfumo wa kudhibiti mitambo huhifadhi wastani wa kila dakika 10: kasi ya upepo, mzunguko wa rota, uelekeo. Kwa hiyo fomu mpya inataka tarehe, saa kwa ukaribu wa dakika 10, nyumba, na alama kwenye moja kati ya: mvumo wa kupanda na kushuka, mngurumo mfululizo, mlio mkali, kugonga. Mlio mkali unaojirudia mara nyingi ni hitilafu ya kimitambo inayorekebishika. Mngurumo wa sauti moja huelekea kwenye gia au feni. Mvumo wa usiku hutibiwa kwa hali ya kupunguza sauti: chanzo kikishushwa kutoka 105 hadi 102, nishati ya sauti inakuwa nusu, kwa gharama ya umeme kidogo.

Nakala moja ibaki kwa mlalamikaji. Fomu zinazochukuliwa zote na ofisi ya kampuni hupotea pamoja na afisa anayehamishwa.

Wiki ya 13. Kitabu kitumike lini

Tumebadilisha mpangilio mzima. Sura zilifuata mada. Sasa zinafuata hatua za kampuni. Mlingoti wa kupima upepo ukisimikwa: ukurasa wa ardhi na kipimo cha kelele cha awali. Ramani ya kwanza ikija: kijiti, kelele, vivuli. Mkataba ukija: mauzo ghafi, umeme usiosafirishwa, amana. Mlingoti husimama mwaka mmoja au zaidi, na huo ndio muda ambao kila kitu bado kinasogea. Kitabu kikifika siku ya tathmini ya mazingira kusomwa hadharani, kurasa zake nyingi zimeshachelewa.

Wiki ya 14. Yaliyobaki

Jedwali la logi kwa wasio na kikokotoo bado halijapangwa. Linahitaji ukurasa mmoja, umbali mita 300 hadi 1,500 kwa hatua za mita 50. Mfano wa vivuli umefanywa kwa ikweta tu, na unatakiwa kurudiwa kwa latitudo ya nyuzi 5 na 10 kusini. Kipengele cha hekta 1,011 kinapitiwa na mwanasheria wa ardhi kabla ya kuchapwa, kwa sababu neno “ruhusa” lilikuwa limebaki mahali pawili ambapo panatakiwa “haki”.